Uso Aliokuwa Akiutazama Kutoka Uwanjani

Nyumba ya Fundi Cherehani,
Mtaa wa Nyuma ya Uwanja.
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa wifi yangu, Mama Pacha,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha leo, wewe huko na sisi huku. Hujambo? Shemeji hajambo? Pacha wanaendeleaje, na yule mmoja kifua chake kimetulia, au baridi ya huko bado inamsumbua? Mlazimishe kuvaa soksi hata ndani ya nyumba. Najua atanuna. Mwache anune akiwa na soksi.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mguu wangu wa kukanyagia cherehani unavimba jioni, asubuhi unakuwa umeshasahau. Binti yetu yuko salama kwa mumewe, na kaka yake bado yuko melini, anapiga simu kila wanapotia nanga. Nyumba imekuwa kubwa, wifi. Nafagia chumba ambacho hakuna aliyekichafua.

Kanisani nimepewa kazi ya kushona majoho mapya ya kwaya. Yule mwenye sauti nene kuliko wote ndiye mwenye tumbo kuliko wote. Nilimpima kiuno mara mbili nikidhani futi imeniongopea. Akaniambia, "Fundi, andika tu, usinihurumie." Tulicheka mpaka mchungaji akachungulia.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza kwa simu. Ulisema, "Wifi, kweli umekubali kaka aende akakae huko miaka miwili? Umemwachia hivi hivi tu?" Nami nikakujibu kwamba mtandao unakatika. Nisamehe, mtandao ulikuwa mzima. Kaka yako alikuwa amekaa kiti cha pili, anafunga kitambaa kipya kwenye mpini wa raketi, nikashindwa. Na hata asingekuwapo, sijui kama ningeweza. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Inabidi nianzie mbali kidogo, maana wewe uliolewa ukaondoka yeye akiwa bado anapiga mpira kwenye ukuta wa stoo ya klabu, na marehemu mama mkwe akimfokea kwamba anabomoa mali ya watu. Ya baadaye uliyasikia redioni. Redio ilikuambia Mashoto, maana ndivyo walivyomwita kaka yako, ameshinda, au Mashoto ametolewa. Haikukuambia alilala wapi.

Watu wanadhani mchezaji tenisi wa kulipwa ni mtu wa hoteli na maua. Kaka yako miaka ya mwanzo alilala stesheni za treni, begi la raketi likiwa mto. Alicheza mechi za mchujo, zile za kutafuta nafasi ya kuingia kwenye mashindano yenyewe, kwenye viwanja vya pembeni kabisa ambako hakuna anayefika. Nakumbuka mechi moja watazamaji tulikuwa mimi, mke wa mpinzani wake, na mtu mmoja aliyejikinga na mvua. Mimi na yule mama tuligawana mwavuli na karanga huku waume zetu wanauana.

Watoto nilikuwa nawaacha kwa mama yangu, namfuata kila nilipoweza. Nilimshonea mwenyewe kaptula zake, mfuko wa kulia mrefu kuliko wa dukani, kwa sababu anatupa mpira juu kwa mkono wa kulia na hakupenda ule wa akiba umgonge paja. Hiyo ndiyo kazi niliyodhani ni yangu. Kumbe kulikuwa na nyingine.

Unajua katika mchezo wao, wakati ule, sheria haikumruhusu kocha kusema hata neno moja mechi ikianza. Mchezaji yuko peke yake kule ndani. Hakuna wa kumpa pole, hakuna wa kumwambia fanya hivi. Kaka yako kila pointi ikiisha alikuwa akigeuka na kutazama tulipokaa. Kila pointi, wifi, awe ameshinda au ameshindwa. Anageuka, anatazama, anarudi mstarini.

Siku moja mechi ilikuwa imebana, nikaziba macho kwa viganja. Akageuka akaniona. Mipira miwili iliyofuata ikaishia wavuni, na mechi ikaenda hivyo. Kocha wake, yule mzee tuliyemwita Babu Filimbi, akaniweka kando. Hakunifokea. Alisema, "Mama, huyu mtu anakusoma wewe. Ukiogopa, yeye amekwisha. Kuanzia leo ukikaa pale, kaa kama uko kwa mpiga picha wa pasipoti."

Nikajifunza. Mikono juu ya magoti, midomo imefungwa, macho mbele. Sipigi makofi, sisimami, sitikisi kichwa. Wachezaji wenzake wakanipa jina, wakaniita Picha, na yeye mwenyewe akalichukua. Gazeti moja liliandika kwamba mimi ni mwanamke mtulivu kuliko wote wanaokaa viwanjani. Mtulivu! Ndani nilikuwa naimba kila pambio ninalolijua, mengine nikiyachanganya, nikimwambia Mungu mpira huu tu, huu mmoja tu, halafu sikuombi tena. Halafu naomba tena.

Kwenye mechi yake kubwa kuliko zote, ile ya seti tano mliyoisikia mpaka huko, uwanja mzima ulisimama alipopiga ule wa mwisho. Mimi nilibaki nimekaa, mikono juu ya magoti. Mwanamke wa kiti cha nyuma akanigonga bega: "Dada, huyo mchezaji amekukosea nini? Piga makofi basi!"

Nikamwambia, "Ni mume wangu."

"Aa," akasema. "Kumbe."

Nimeisimulia hiyo miaka mingi, watu wanacheka. Nacheka nao.

Lakini wifi, uso ukifundishwa hivyo haujui kwamba mechi imekwisha. Alipopasuliwa bega nilikaa vile. Alipowaambia waandishi kwamba anaacha kucheza, kwenye kichumba chenye viti vya plastiki na waandishi wachache wanaotazama saa zao, aligeuka akanitazama, nikakaa vile. Tulirudi nyumbani kwenye gari bila neno, nami nilidhani nimemsaidia.

Mama mkwe alipofariki hukuweza kufika, kwa hiyo hukuona. Kaka yako alikuwa upande wa pili wa kaburi, akanyanyua macho kunitafuta. Nikawa picha. Wanawake wa kanisani walikumbatiana wenyewe kwa wenyewe, mimi wakanipita, kwa sababu nilionekana sina haja. Nililia siku ya pili yake, stoo, nimejifunika vitambaa vya wateja. Yule mama alinilea kuliko alivyojua.

Sasa kaka yako yuko nyumbani miaka hii yote, anafundisha klabu. Wanafunzi wake ni watu wanaotaka kupunguza tumbo. Kuna daktari wa meno ambaye kila akiukosa mpira anamwomba radhi, si kaka yako, anauomba radhi mpira. Kaka yako anarudi jioni, anavua viatu, anapita chumba hiki, anapita kile, kama mtu aliyepoteza funguo. Maisha yake yote alikuwa wa kuondoka, hakuna aliyemfundisha kukaa. Mezani ananiuliza chumvi. Nampa chumvi. Kuna wiki, wifi, mazungumzo marefu kuliko yote niliyofanya yalikuwa na cherehani, ikikata uzi.

Usidhani hatupendani. Hapo ndipo ugumu ulipo. Watu wanaogombana angalau wanasikika.

Basi ikaja simu ya yule mpinzani wake wa zamani, Mrefu. Yule yule ambaye mimi na mkewe tuligawana mwavuli. Siku hizi ana shule ya kufundisha vijana tenisi, mbali kabisa, kuvuka bahari. Anamtaka kaka yako awe kocha, miaka miwili. Mahali pa kulala ni chumba cha mtu mmoja kwenye bweni. Kaka yako alinieleza yote hayo wakati wa chakula, kijiko kikiwa mkononi, halafu akasema, "Unaonaje?"

Akanyanyua macho akanitazama. Wifi, ilikuwa ile ile, kana kwamba yuko mstarini. Na uso wangu ukakaa wenyewe, sikuuomba. Ndani napiga kelele, usiende, usiniache na hii nyumba. Nje nikasema, "Wewe ndiye unayejua."

Akanitazama tena kidogo. "Basi sawa," akasema. Asubuhi yake akampigia Mrefu akakubali.

Tangu hapo nimekuwa nikijaribu. Utanicheka, lakini nitakuambia: nilisimama mbele ya kile kioo cha wateja nikawa nafanya mazoezi ya kuhuzunika. Nikakunja paji la uso, nikashusha midomo, nikavuta shavu. Mteja akaingia amebeba suruali ya kupunguza. "Fundi, jino?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, jino. Akaniambia kuna daktari mzuri, anacheza tenisi pale klabu.

Jumamosi ijayo ndiyo safari. Namsikia huko ndani anashusha lile begi kubwa kutoka juu ya kabati. Wifi, naiacha barua hapa. Ngoja niende. Niombee.

*

Nimerudi. Sasa ni jioni, chai niliyoiacha hapa imepoa na nzi kajifia humo. Nitakuandikia kama ilivyokuwa, maana nisipoandika leo kesho nitajiambia sikusema.

Nilimkuta ameinama, anatia viatu kwenye mifuko yake. Nikasimama mlangoni. "Baba watoto, sitaki uende."

Akanitazama. Halafu akacheka! "We Picha, leo umeamka na utani."

"Sitanii."

"Mbona umekaa hivyo hivyo?"

Hapo nikaona kwamba kwa njia hiyo hatutafika. Nitasema mpaka Jumamosi na yeye atausadiki uso. Nikamwambia, "Geuka. Geukia kabati, usinitazame. Nisikilize tu."

"Kabati limefanya nini?"

"Geuka, mwanaume!"

Akageuka. Kaka yako, mtu mzima, akasimama na kiatu mkononi akitazama mlango wa kabati. Nami nikauambia mgongo wake. Nikasema nilikuwa naogopa kila mechi, tangu ya kwanza. Nikasema yule mtulivu wa kwenye gazeti hakuwahi kuwapo. Nikasema siku aliponiuliza mezani sikuwa nimekubali, uso ndio ulikuwa umenishika. Nikasema akiondoka nitakuwa mtu wa kufagia chumba kingine kisafi.

Akakigeuza kile kiatu mkononi. Halafu akaliuliza kabati, "Hata ile ya seti tano?"

"Ile ndiyo usiseme. Nilimaliza mapambio yote ninayoyajua, nikaanza upya."

"Na siku ya mama?"

"Nililia stoo."

"Peke yako?"

"Na nani tena?"

Nikaona lile bega la kushoto, lililopasuliwa, linashuka. Akasema, "Mi nilidhani umenichoka. Nilipokuuliza pale mezani nikasema moyoni, nikiona hata kidogo kwamba hataki, siendi. Sikuona. Nikasema, basi, acha nimpishe apumue."

Nikamwambia, "Hiyo ni kazi ya Babu Filimbi. Yeye ndiye aliyesema unausoma uso wangu na nikiogopa umekwisha. Nimeulinda uso huu kwa ajili yako."

"Kuusoma?" akasema. "Mama watoto, kutoka kule mstari wa nyuma, na jua lile, na jasho machoni, nani anaona uso wa mtu? Nilikuwa natazama kama bado upo kwenye kiti. Basi."

"Na ile mipira miwili nilipoziba macho?"

"Nilikuwa nimechoka tu. Yule bwana alikuwa mzuri."

Wifi, kaka yako alisema hivyo kama mtu anayekutajia saa. Miaka yote ile mimi ni sanamu, na mtu anatazama tu kama kiti kina mtu. Ningeweza kulia. Ningeweza kucheka na kula karanga zangu, kupiga kelele kama wake za watu. Nikaanza kulia hapo hapo mlangoni, kilio kibaya, cha makamasi. Yeye akasikia, lakini nilikuwa nimemwambia asigeuke, na unamjua anavyoshika amri.

"Nigeuke?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado!"

Alipogeuka hatimaye alinitazama kama mtu aliyeona mgeni chumbani. Akatafuta cha kufanya, hakuna, akafungua begi alilokwisha kulipanga akanitolea taulo. Sio la uso, lile kubwa la kuogea. Nikajifuta nalo.

Tukakaa kitandani, begi katikati. Akaniambia kweli yake na mimi sikumkatiza. Kwamba anataka kwenda. Kwamba vijana kule wanapiga mpira unaolia, na yeye huku anazeeka akiwarudishia watu mipira laini ili wasivunjike moyo. Kwamba anajiona anakuwa mtu wa kuulizia chumvi. Kumbe naye alikuwa anaisikia ile chumvi! Halafu akasema, "Lakini sema nisiende, siendi. Leo hii nampigia."

Mungu ananiona, neno lilikuwa mdomoni. Ningelisema, na leo ningelala na mume wangu ndani ya nyumba, na kesho, na keshokutwa, naye akipita chumba hiki, akipita kile. Ungekuwa karibu ningekuuliza wewe. Nilitazama ile raketi aliyoifunga kitambaa kipya. Alikuwa ameifunga vizuri mno, wifi, hakuna mkunjo. Kwa daktari wa meno hajawahi kufunga vile.

Nikasema, "Nenda msimu mmoja. Miaka miwili sitaki. Msimu mmoja halafu urudi, tuulizane tena."

Akampigia Mrefu mbele yangu. Nilimsikia Mrefu akibisha kidogo, halafu akauliza, "Nani kasema, Picha? Huyo akisema hakuna rufaa." Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa bado nimeshika taulo.

Simu ilipokatika akaniambia, "Huko nitageuka, nikutafute."

Nikamwambia, "Kiti kitakuwa kitupu, baba."

"Najua," akasema. Akarudi kupanga viatu.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hilo, wifi. Anaondoka Jumamosi. Sasa namsikia bafuni anapiga mluzi, na hapa mezani kuna majoho ya kwaya yanayongoja pindo. Nilidhani nikisema yote nitakuwa mwepesi. Nimekuwa mwepesi kidogo, lakini upweke ni ule ule, tofauti ni kwamba sasa una mtu wa pili anayeujua. Wewe ni wa tatu.

Usimpigie kumgombeza, nakuomba. Ametenda haki, na mimi pia. Mpigie umtakie safari njema, umkumbushe bega lake na baridi za huko.

Na mimi nina ombi langu. Ukinipigia nikakuambia mimi mzima, sina neno, usikate simu. Kaa kimya kidogo halafu niulize tena. Ile mara ya kwanza nitakuwa nimejibu kwa mazoea. Mara ya pili nitakuambia.

Nisalimie shemeji sana, mwambie lile koti alilonitumia limenitosha nikipunguza mikono. Wasalimie pacha wote wawili, na yule shangazi wa shemeji anayekaa nanyi, mwambie namwombea macho yake. Binti yetu anawasalimu. Kaka yako anasema atakuandikia, lakini wewe na mimi tunajua hataandika.

Mungu awafunike mkilala, awaongoze mkitoka, na awape chakula mezani na wa kula naye.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda hata pale nisipoonyesha,

Picha

Barua nitaipeleka posta kesho mapema, kabla sijaisoma tena nikaona aibu.